Usingizi wa Kisasi

Siku mwokaji aliporudi kutoka hospitali, wifi yake alimpokea mlangoni mwa duka kwa kumkumbatia, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "Karibu nyumbani, wifi. Usijali, trei zote tumeshazificha."

Wateja walicheka. Kaka yake, aliyekuwa akipanga skonzi kwenye kabati la kioo, naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayeogopa kubaki peke yake. Mwokaji alipita na begi lake mpaka chumba cha tanuri, akakaa juu ya gunia la unga na kujiuliza kama kweli alikuwa amepona au alikuwa ameruhusiwa tu.

Duka hilo la mikate lilikuwa la baba yao. Baba ndiye aliyemfundisha binti yake kukanda, kuumua na kujua joto la tanuri kwa kuweka kiganja karibu na mlango wake. Kaka yake alipenda zaidi kazi ya kuzungukia wateja wa jumla. Baba alipougua, mwokaji ndiye aliyemuuguza. Alikuwa akikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake usiku kucha, na asubuhi akienda kukanda. Alfajiri moja usingizi ulimzidi nguvu. Alipofumbua macho, baba yake alikuwa ameshafariki, na glasi ya maji ilikuwa imeanguka sakafuni.

Glasi ile ndiyo iliyommaliza. Alijiambia kwamba baba aliamka na kiu, akaita, na yeye alikuwa anakoroma. Baada ya mazishi akaanza kuuogopa usingizi. Alikaa macho hadi kunapopambazuka, akaacha kula, akaacha kupokea simu, akaacha hata kuitikia salamu za majirani. Mikono ilikanda, mwenyewe hayupo. Mpaka siku mteja mmoja alipolalamika kwamba mkate ni mgumu kama tofali. Mwokaji aliinua trei akaitupa, kisha akatupa nyingine, na kabati la kioo likavunjika. Hakuna aliyeumia, lakini yeye hakuweza kuacha kupiga kelele. Ndipo wakampeleka hospitali, akalazwa, akapewa dawa.

Alipokuwa huko, wifi yake alishika kaunta. Na lazima isemwe kwamba aliiweza: alikuwa mcheshi, alijua nani ana mtoto mgonjwa na nani kahama nyumba. Lakini kila aliyeuliza habari za mwokaji alisimuliwa mkasa wa trei, na kila aliposimulia, trei ziliongezeka. Mwokaji alipotoka, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Bi Trei.

Wifi alikuwa na sababu. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, alikuwa ameahidi kuja kukaa na familia ili iamuliwe nani ataliongoza duka. Wifi alitaka liwe la mumewe, maana yake liwe lake. Na kwa hilo alihitaji jambo moja tu: Bi Trei apandwe tena na wazimu, na safari hii watu wazima waone.

Basi akaanza. Funguo za stoo zilipotea, kisha zikaonekana kwenye mfuko wa aproni ya mwokaji. "Umesahau tena, wifi? Zile dawa zinakuchosha, masikini." Chumvi ilihamia kwenye kopo la sukari. Siku nyingine donge zima la unga lilikataa kuumuka, likalala kwenye beseni kama udongo. Kaka mtu alisimama mlangoni, akakuna kichwa.

"Dada, hamira uliweka?"

"Niliweka."

"Una uhakika?"

"Kaka, nimekwambia niliweka."

"Haya, haya, usipandishe sauti." Akaangalia nyuma kama kuna anayesikia. "Na wifi yako mvumilie. Anakusaidia tu."

Mwokaji mwenyewe alianza kuamini kwamba akili inamtoroka. Mpaka asubuhi moja alipokoroga hamira kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari, akaiacha itoe povu, akatoka kwenda kuchukua kuni. Aliporudi, kikombe kilikuwa pale pale, lakini maji yake yalikuwa meupe na yametulia, bila harufu yoyote. Akanusa. Ulikuwa unga na maji. Akainama kwenye sinki. Kwenye tundu la sinki povu la hamira lilikuwa bado linachemka, linapanda taratibu.

Alishika trei. Kutoka kaunta kicheko cha wifi kilimfikia, kizuri, cha mtu asiye na wasiwasi. Mwokaji angetoka nayo. Alishatoka nayo hatua kadhaa. Kilichomzuia hakikuwa busara. Magoti yalikuwa yanatetemeka mno kwa kukosa usingizi, ikabidi akae chini.

Alasiri ile ilikuwa zamu yake ya zahanati. Muuguzi wa afya ya akili alikuwa mama wa makamo aliyevua viatu chini ya meza na kula karanga kwenye droo akidhani hakuna anayeona. Mwokaji alimweleza yote, kisha akasema, "Sista, nisikudanganye. Sitaki kupona. Nataka nimwone yule mwanamke analia."

Muuguzi hakushtuka. "Lini?"

"Lini nini?"

"Unataka alie lini? Maana leo huwezi. Hebu angalia mikono yako." Mikono ilikuwa ikitetemeka juu ya meza. "Umelala lini mara ya mwisho, kulala kweli?"

Mwokaji aliirudisha mikono mapajani.

"Mtu asiyelala hawezi kumlipizia kisasi hata mbu," muuguzi akasema. "Kalale kwanza. Hasira yako tutaizungumza ukiwa na macho."

"Kwa hiyo unaniruhusu?"

"Sijakuruhusu kitu. Nakwambia ulale. Saa ile ile kila siku. Simu iache jikoni. Chai mwisho mchana. Na asubuhi usiguse unga hujala."

Kwa miezi watu walikuwa wamembembeleza ajihurumie, ajipende, ajitunze, na maneno hayo yalimpita tu. Jambo la kumshinda wifi yake lilimwingia. Jioni ile aliiacha simu juu ya kabati la jikoni, akapanda kitandani, akalala chali kama askari. Usingizi haukuja haraka. Lakini kila alipotaka kunyanyuka akatembee chumbani, alijiambia: huko mwenzako analala, anaamka na nguvu za kukumaliza. Akabaki. Siku zikapita, na usiku mmoja alilala bila kujua, akaamka kumekucha, mdomo wazi, mate kwenye mto. Alifurahi kama mtu aliyeiba.

Alikula kwa kisasi vilevile. Mayai, chai, ndizi, hata pale tumbo lilipokataa. Kisha akaanza kutoka asubuhi, donge likiwa linaumuka, akatembea juani. Alishuka mtaa wa maduka ya vitambaa, akapita ukuta mrefu wa kiwanda cha mbao, akarudi kwa njia ya fundi baiskeli. Fundi huyo alikuwa mzee mbishi, na uzuri wake ni kwamba hakuwahi kumuuliza habari za ugonjwa. Alimlalamikia kuhusu spoki, kuhusu mkwewe, kuhusu watu wanaoleta baiskeli mbovu na kutaka miujiza.

"Jirani, keti tucheze drafti," alimwambia siku moja.

"Sijui kucheza."

"Ndiyo maana nakuita. Wanaojua wananifunga."

Wakawa wanacheza kidogo kila siku. Mwokaji alifungwa, akakasirika, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Jambo gumu zaidi alilopewa na muuguzi lilikuwa kulisema lile la baba. Muuguzi alisema kwamba jambo usiloweza kulitamka, mwingine atalishika kama fimbo ya kukupigia. Basi pale kwenye ukuta wa kiwanda cha mbao, ambapo misumeno ilipiga kelele na hakuna aliyesikia, mwokaji alijaribu. "Baba alikufa nikiwa nimelala." Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa barabara akalia mpaka mpita njia akamuuliza kama amegongwa na gari. Kesho yake alisema tena, na kesho kutwa tena. Maneno hayakuacha kuuma, ila yalianza kupita mdomoni bila kumwangusha.

Na sasa, akiwa na macho, alianza kazi.

Kila alfajiri aliandaa vikombe viwili vya hamira. Kimoja alikiacha mezani, wazi, pale wifi anapokipata. Cha pili alikificha nyuma ya magunia. Wifi aliingia kimya kimya, akamwaga kile cha mezani, akaweka maji ya unga, akatoka. Kisha akasubiri kaunta kelele zianze.

Mikate ikatoka tanurini imenenepa, imeiva rangi ya dhahabu.

Mwokaji hatausahau uso wa wifi yake siku ile ya kwanza. Wifi aliuchukua mkate mmoja, akauminya, akaugeuza chini, akaunusa. "Umetoka vizuri," alisema mwisho.

"Sawa, wifi," mwokaji akajibu, na kurudi ndani.

Hiyo "sawa, wifi" ikawa silaha yake. Akiambiwa amesahau funguo: sawa, wifi. Akiitwa Bi Trei mbele ya wateja: aliingiza mikono kwenye beseni la maji baridi, akavuta pumzi pole pole mpaka mabega yakashuka, akasema sawa, wifi. Haikuwa upole hata chembe. Alikuwa akimwangalia mwenzake usoni kutafuta palipouma, na alipoona kope zikicheza alisikia raha ikimtambaa mgongoni. Alimsimulia muuguzi kuhusu vikombe viwili. Muuguzi alicheka mpaka karanga zikampalia, kisha akajirudi.

"Hilo sikukufundisha mimi."

"Nusu yake umenifundisha."

Wifi akaanza kuchakaa. Mtu anayemsubiri mwenzake aanguke hapati nafasi ya kupumzika. Alianza kuamka mapema zaidi ili amchungulie mwokaji, akamkuta anaimba huku akikata madonge. Alimwaga hamira, mkate ukaumuka. Akamwaga tena akihesabu vikombe kwa sauti ya chini, mkate ukaumuka. Akawa hana uhakika amemwaga au ameota. Ule ucheshi wa kaunta ukakauka. Siku moja alimfokea mama mjamzito aliyechelewa kuchagua skonzi, na foleni nzima ikamgeukia. Mwokaji aliyaona hayo kupitia kidirisha cha kupitishia trei, akaenda kwenye matembezi yake akiwa mwepesi kama kishada.

Baba mdogo alifika Jumapili, mstaafu wa posta, sikio lake moja halifanyi kazi. Walikaa sebuleni baada ya chakula cha mchana: yeye, mama yao, kaka, wifi na mwokaji. Kaka aliongea maneno mengi yasiyo na kitu. Kisha wifi akachukua nafasi. Macho yake yalikuwa mekundu, poda haikuweza kuyaficha.

"Tunampenda wifi," alisema. "Lakini duka lina moto, lina visu, lina wateja. Mtu akiwa hayuko sawa hayuko sawa."

"Mbona namwona yuko sawa?" baba mdogo akasema.

"Anajifanya!"

"Sijasikia."

"Anajifanya, baba mdogo!" Na alipoona mwokaji ametulia, mikono mapajani, akatoa alichokuwa amekihifadhi. "Muulizeni, baba mkwe alikufaje. Muulizeni nani alikuwa amelala fofofo mgonjwa akihangaika kutafuta maji. Glasi imeanguka, binti anakoroma! Huyo ndiye wa kukabidhiwa duka lake?"

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Kaka alisema jina la mkewe kwa sauti ndogo.

Mwokaji alikandamiza nyayo zake sakafuni, akaisikia baridi ya saruji. Kisha akafungua mdomo, na maneno yakapita njia yaliyokwisha kuizoea.

"Ni kweli. Baba alikufa nikiwa nimelala. Nilikesha naye sana, nikachoka, nikalala. Sijui kama aliniita. Sitajua mpaka naingia kaburini." Akamgeukia wifi. "Una lingine?"

Ilisemwa kwa upole kabisa. Lakini wifi aliisikia ilivyokuwa, akasimama mzima mzima.

"Mnamwona? Mnaona anavyonifanyia? Kila siku hivi hivi! Sawa wifi, sawa wifi! Namfichia funguo, anaimba! Namwaga hamira, mkate unaumuka! Namwaga yote, kwa mkono wangu huu, na unaumuka! Huyu si mtu!"

Baba mdogo aliweka kiganja kwenye sikio zima. "Anamwaga nini?"

"Hamira," kaka akajibu, akitazama viatu vyake.

Wifi alikaa, akaanza kulia. Mwokaji alimtazama akilia, kilio kizima, tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekula chakula alichokisubiri siku nyingi na hataki kuacha hata punje.

Baba mdogo hakuhitaji muda. Duka likabaki mikononi mwa mwokaji, kaka aendelee na wateja wa jumla. Alipoulizwa kuhusu wifi, mwokaji alisema, "Abaki. Mimi nitashika kaunta asubuhi nikimaliza kuoka. Yeye ataosha trei."

"Mwanangu," mama alisihi, "msamehe, yaishe."

"Mama, sijasema nimemfukuza. Nimesema aoshe trei."

Majuma yaliyofuata yalikuwa matamu. Alisimama kaunta mahali ambapo wifi angemwona kupitia kidirisha, akacheka na wateja wale wale waliomcheka. Mmoja alipouliza, "Wifi yako simwoni, vipi?" mwokaji aliinua nyusi kidogo, akasema, "Amechoka, masikini. Mkimwona msimpigie kelele." Hakuongeza neno. Kufika jioni mtaa ulikuwa umeshayaongeza wenyewe. Na mtu akidhani usiku ule dhamiri ilimsuta, amekosea. Alilala vizuri mno.

Muuguzi alipoambiwa hilo, hakucheka. "Umemaliza?" aliuliza.

"Bado kidogo."

Kisha asubuhi moja mwokaji aliingia nyuma na kumkuta wifi amesimama kwenye sinki, bomba limefunguliwa, maji yanamwagikia trei ambayo ilikuwa imeshatakata zamani. Nywele hazijachanwa. Aproni ameivaa kinyume. Macho yalikuwa yanatazama ukuta na hayauoni. Mwokaji aliujua mtazamo ule. Aliwahi kuwa ndani yake.

Hakuona huruma, si mwanzoni. Aliona hasira mpya. Hata ugonjwa wangu ameuchukua, alijisemea, kisha akarudi kaunta na kumwacha na maji yake.

Jioni kaka alimfuata. "Dada, sijui nimfanyeje. Halali. Hali. Anakaa tu."

"Mvumilie mke wako," mwokaji akamjibu.

Kaka aliinamisha kichwa. Alielewa, na alistahili kuelewa. Lakini alipoondoka, mabega yamemshuka kama mzee, mwokaji alisikia ile raha yake imepoteza ladha, kama mkate wa juzi. Kumwona adui analia kulimtosheleza, maana adui alijua kwa nini analia. Huyu wa sinki hakujua chochote. Hapakuwa na mtu pale wa kulipizwa.

Kesho yake alikwenda, akafunga bomba. "Wifi."

Wifi aligeuka taratibu.

"Zahanati, mlango wa bluu, wana muuguzi wa mambo haya. Mimi naenda Alhamisi. Wewe nenda Jumanne, tusikutane."

"Utanipeleka?"

"Hapana. Mumeo atakupeleka."

"Naogopa."

"Najua." Mwokaji alichukua kitambaa, akajifuta mikono. "Usiku simu yako ilale jikoni. Asubuhi ule kabla hujagusa maji haya. Ukishindwa kulala, usihangaike, lala chali usubiri. Na utoke nje, jua likupige. Ila njia yangu usinifuate, tafuta ya kwako."

Wifi alimtazama muda mrefu. "Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu nataka uwe na akili timamu," mwokaji akasema, "ukumbuke vizuri ulichonifanyia. Mgonjwa hakumbuki vizuri. Mimi nayajua hayo."

Wifi alikwenda Jumanne ile, kaka akimshika mkono barabarani mchana kweupe bila kujali nani anatazama. Haikuwa safari ya mara moja. Kuna majuma alirudi nyuma, akakaa ndani na mapazia yamefungwa, na kaka mtu akajifunza kupika mayai. Lakini kidogo kidogo alianza kuchana nywele. Akawa anaamka kwa saa moja maalumu, akitembea upande wa pili wa mtaa, kule kwenye shule. Watu walipomuuliza Bi Trei habari zake, sasa aliwajibu, "Muulizeni mwenyewe," na uvumi, ukikosa wa kuupalilia, ukanyauka.

Siku wifi alipokumbuka vizuri ilikuwa ya kawaida, duka limejaa. Alitoka nyuma, mikono imelowa, akasimama mbele ya kaunta upande wa wateja. Akasema kwa sauti ile ile ya zamani, iliyofika mwisho wa foleni, kwamba alimwaga hamira, kwamba alificha funguo, kwamba maneno ya trei nyingi aliyazua mwenyewe. Alikuwa akilia, na safari hii alijua anachokililia.

Mwokaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mteja aliyefuata, "Na wewe, mkate gani?"

Jioni mama alimkuta akifagia, akamketisha. "Amekuomba radhi mbele za watu, mwanangu. Sasa umemsamehe?"

"Bado, mama," mwokaji alisema bila hasira, kama mtu anayeulizwa kama maji yamechemka, akaendelea kufagia.